Cherotich na Binti wa Kamanda

Siku Phoebe Cherotich alipoingia mara ya kwanza katika ile nyumba ya ghorofa ya kumi na nane, mtaa wa Dafna, bibi kizee ambaye yeye aliajiriwa kumtunza alimtazama kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwani, kisha akamwuliza kwa Kiswahili safi, "Nani amekutuma?"

Cherotich alidhani amesikia vibaya. Alikuwa Doha tangu mwaka 2009. Miaka miwili ya kwanza aliimaliza kwa familia moja kule Umm Salal, akilea watoto na kuokota Kiarabu cha jikoni, na kwa muda wote huo hakuwahi kukutana na mzungu anayejua hata "jambo". Huyu hakuwa wa jambo tu. Alisema kama anayesoma taarifa ya habari.

"Ajensi, Nyanya," akajibu.

"Nyanya ni ya kachumbari. Mimi ni bibi. Na ajensi si jibu. Ajensi nayo ina aliyeituma."

Larisa, mke wa mwanawe yule bibi, alikuwa amesimama mlangoni bila kuelewa neno. Akacheka kidogo, akaeleza kwa Kiingereza kwamba mama mkwe wake aliwahi kweli kusoma habari redioni, miaka mingi, katika idara ya Kiswahili kule Moscow. Ndiyo maana walimtaka Mkenya. "Kwa Kirusi ananigombeza tu," alisema. "Labda kwa lugha hiyo atasema yaliyo moyoni."

Jina la bibi lilikuwa Zoya Matveyevna, yaani Zoya binti Matvei. Alikuwa na miaka themanini na mitano, mwembamba, macho ya kijivu yasiyotulia. Mwanawe Arkadi alikuwa mhandisi wa gesi, mtu mpole wa kuondoka alfajiri na kurudi jioni. Alimleta mama yake Doha baada ya mama huyo kuanguka bafuni akiwa peke yake kule Moscow. Bibi hakuupenda mji. Alisema ni mji wa vioo vingi mno, na kila kioo kina mtu nyuma yake.

Kwao Bomet, Cherotich alikuwa amefanya kazi ya msaidizi wa wauguzi katika hospitali ya misheni, kwa hiyo wazee aliwajua. Alijua wanaolia, wanaotukana na wanaojinyea kwa makusudi. Lakini mzee wa namna hii hakuwahi kumwona. Bibi Zoya hakuvua viatu mchana kutwa, hata akijilaza kitandani, navyo vilikuwa viatu vya kufunga kamba. Alificha mikate chini ya mto. Na kila alipotaka kusema jambo la maana alienda jikoni, akafungua bomba la maji hadi mwisho, ndipo akasema kwa sauti ya chini.

"Bibi, maji yanaharibika," Cherotich alimwambia siku za mwanzo.

"Maji yaharibike, maneno yasiharibike."

Mtu ambaye Bibi alimwogopa kuliko wote alikuwa Mutai, dereva wa familia. Mutai alikuwa kijana wa Kericho, aliyeajiriwa na kampuni ya magari ya kukodi, na kila asubuhi alitoka kambi ya wafanyakazi ya Industrial Area kuja kuwapeleka watu wa nyumba ile walikotaka. Yeye na Cherotich walikuwa watu wa lugha moja, na garini walipenda kuzungumza Kikipsigis. Bibi aligonga kiti cha mbele kwa fimbo yake.

"Semeni ninachokielewa."

"Tunaongea mambo ya nyumbani tu, Bibi," Mutai alisema, akimtazama kupitia kioo.

"Dereva hujua safari zote za nyumba," Bibi akamwambia Cherotich baadaye, bomba likiwa wazi. "Anajua nani alipanda, alishukia wapi, alikaa muda gani. Dereva usimwambie kitu. Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu. Methali hiyo niliifundishwa na Mzanzibari mmoja tuliyefanya naye kazi, na nilipoisikia nilimwomba airudie, maana nilidhani imetungwa kwa ajili ya baba yangu."

Mutai naye alikuwa na lake. "Huyo mathee ananicheki kama mimi ni CID," alimwambia Cherotich walipokuwa wakisubiri lifti na mifuko ya sokoni. "Jana ameniuliza nalipwa na watu wangapi. Nikamwambia, Bibi, mmoja tu, na huyo mwenyewe hulipa akichelewa."

Wiki ya tatu Larisa alimwita Cherotich sebuleni wakati Bibi amelala usingizi wa mchana. Alimmiminia chai mwenyewe, jambo ambalo mabosi wa Umm Salal hawakulifanya hata mara moja, kisha akamwambia kwamba yeye na Arkadi wana wasiwasi na afya ya mama. Hawajui anawaza nini. Hali chakula vizuri, anawasingizia watu. "Ungenisaidia sana ungekuwa unaniambia anachosema," alisema. "Kila siku, kidogo tu. Mimi si adui yake. Nataka kujua nimsaidie vipi."

Cherotich hakuona ubaya. Hospitalini kila zamu ilimweleza anayeipokea jinsi mgonjwa alivyoshinda. Akaanza kusema. Leo amekula supu nusu. Leo ameficha mkate. Leo amesema jirani wa juu anatembea kwa miguu ya askari. Larisa alimsikiliza akiwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, akamshukuru, na baada ya hapo ikawa desturi yao, chai na maneno, kila alasiri.

Asubuhi zilikuwa za Bibi. Akishasukwa nywele alikaa karibu na dirisha, mgongo ukiwa ukutani asionekane kutoka nje, akasimulia. Alisimulia vipande vipande, akikatiza kuuliza nani yuko mlangoni, na Cherotich alihitaji majuma mengi kuunganisha hadithi ya baba yake.

Matvei Sorogin alizaliwa mtoto wa fundi wa kupigilia farasi kwato za chuma, katika kijiji kisichokuwa na shule. Vita ya kwanza ya dunia ilimchukua akiwa kijana, ikamfanya koplo katika askari wa farasi wa Kaizari wa Urusi. Kaizari alipopinduliwa, na nchi ikagawanyika ndugu kwa ndugu, yeye alirudi kijijini, akakusanya wanaume arobaini na farasi waliokuwa wanaenda kuchinjwa, akajiunga na wekundu, jeshi la wakomunisti. Hakujua kusoma ramani. Aliwauliza wachungaji.

"Wachungaji?" Cherotich aliuliza.

"Nani mwingine anajua mto unavukika wapi?" Bibi alisema. "Majenerali wa upande wa pili walikuwa wamesoma Ufaransa. Baba alivuka mto usiovukika, yeye na watu mia sita, wameshika mikia ya farasi, akatokea nyuma yao wakiwa wanakunywa chai. Siku hiyo akapewa kikosi. Mwaka uliofuata akapewa divisheni nzima. Alikuwa na miaka ishirini na saba."

Vita ilipokwisha alifundishwa kusoma vizuri, akatumwa chuo cha maafisa, akapanda ngazi mpaka akawa mmoja wa makamanda wakubwa wa jeshi jipya. Alipewa nyumba ya vyumba sita Moscow, gari, dereva aitwaye Grisha, na kwa bintiye akaajiriwa yaya kutoka kijijini, mwanamke mnene mcheshi aitwaye Nyura. Picha ya Kamanda Sorogin iliwekwa katika kitabu cha historia cha watoto wa shule. Zoya alikuwa na miaka minane alipoikuta, akaibusu mbele ya darasa zima.

"Alikuwa mkali?" Cherotich aliuliza.

"Kwangu? Alinibeba begani na nishani zake zote. Zilinichoma hapa." Bibi aligusa paja. "Lakini alikuwa na mdomo. Alisimama mbele ya wenzake, watu waliopanda farasi pamoja naye, akawaambia farasi wamekwisha, vita ijayo ni ya vifaru na ndege. Mtoto wa mpigilia kwato ndiye anasema hivyo. Wale wenzake hawakujua kazi nyingine ila farasi. Walimpigia makofi, wakamkumbuka."

Halafu watu wakaanza kupotea. Alianza mkuu wa Matvei, akafuata jirani wa ghorofa ya chini, kisha mwalimu wake wa chuoni. Magazeti yalisema ni majasusi. Matvei aliacha kuvua viatu. Jioni alikaa kando ya dirisha, na lifti ilipopanda alisimama mpaka ipite ghorofa yao. Akaanza kuwatazama watu wa nyumba yake mwenyewe, maana mambo aliyoyasema mezani yalikuwa yakisemwa tena ofisini na watu wasiokuwa mezani.

"Ndipo akafanya mtego," Bibi alisema. Aliinuka, akaenda kufungua bomba ingawa nyumba ilikuwa tupu. Cherotich akamfuata. "Alimwambia Grisha, wakiwa garini, kwamba ataomba apelekwe mashariki ya mbali, mpakani. Akamwambia Nyura, wakiwa jikoni, kwamba ataacha jeshi arudi kijijini kupigilia farasi kwato. Kila mtu na neno lake. Alimweleza mama bafuni, maji yakimwagika kama hivi, nami nikiwa ndani ya beseni na povu masikioni. Akasema, neno litakaloturudia ndilo litanionyesha mlango unaovuja."

"Lilirudi lipi?"

Bibi alifunga bomba kwanza. "Polisi wa siri waliposimamisha treni aliyokuwa akisafiria, ilikuwa bado mchana. Walimshusha na begi lake. Labda walimwambia neno lile kwenye chumba cha mahojiano. Labda alilisikia akajua. Yeye alijua, mimi sikujua. Hakutoka."

Mwalimu wa darasa lao aliwaagiza watoto wafungue kitabu cha historia na kubandika karatasi juu ya picha ya adui wa umma. Zoya alibandika kama wenzake. Vuli ikaja, mama yake akachukuliwa, naye akapelekwa katika nyumba ya watoto yatima, mbali, akapewa jina la ukoo la kawaida, asijulikane ni binti wa nani. Nyura alisafiri hadi huko mara mbili kumletea sukari na soksi. Mara ya pili Zoya alikataa kutoka kumsalimia. Miaka karibu ishirini baadaye serikali ilisema Matvei Sorogin hakuwa na hatia, na kwamba alipigwa risasi mwaka uleule wa 1937. Nani alivujisha, hakuna aliyesema. Zoya akajiamulia mwenyewe kwamba ni Grisha.

"Kwa nini Grisha?"

"Kwa sababu Nyura alinipenda," Bibi alisema, kama anayeeleza kitu kinachojulikana.

Cherotich alisikitika kweli. Asubuhi hizo zilimfanya ampende yule mzee, na Bibi naye alilegea. Alianza kula supu yote, akamfundisha kusema "asubuhi njema" kwa Kirusi, akamkosoa Kiswahili chake cha Kenya bila huruma. Alasiri Larisa aliuliza, na Cherotich akaeleza. Hadithi ya kamanda hakuisimulia yote, maana Larisa alisema keshaisikia hadi imemchosha. Lakini viatu, mikate, bomba, Mutai, hayo aliyataja. Wakati mwingine, akiosha vikombe baada ya chai ile, alihisi kitu kama mchanga kwenye meno. Akajiambia ni uchovu.

Mwanzoni mwa mwaka 2013, siku ya vumbi, jengo la mbele likionekana kwa shida, Bibi alimvuta mkono hadi jikoni.

"Pale ng'ambo," alisema maji yakimwagika, "kwenye baraza la saba kutoka juu, kuna mtu wa koti la kijivu. Huja kila siku mimi ninapoamka. Ananitazama kwa darubini. Sijamwambia mtu mwingine. Wewe peke yako."

Cherotich alitazama. Lile jengo lilikuwa bado linajengwa. Hakukuwa na watu ila vibarua wa Kinepali na kofia zao za njano. Alimhurumia, akamtuliza kwa maneno. Alasiri akamwambia Larisa, na Larisa akaweka kikombe chini.

"Koti la kijivu? Katika joto hili?"

"Ndivyo alivyosema, Madam."

Siku chache baadaye Mutai aliwapeleka wote kliniki. Daktari alikuwa Mmisri wa makamo, mwenye sauti laini. Alimpima Bibi mapigo ya moyo, akamwuliza mwaka, mwezi, jina la mji. Bibi alijibu yote kwa Kiingereza, kwa madaha. Kisha daktari akafungua mikono yake juu ya meza.

"Na huyu bwana wa koti la kijivu?" aliuliza. "Bado anakuja na darubini yake?"

Larisa aliinamia mkoba wake. Bibi Zoya hakumtazama daktari wala Larisa. Aligeuza shingo polepole, akamtazama Cherotich aliyekuwa amesimama nyuma na sweta lake mkononi, akamtazama muda mrefu, bila hasira. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepiga hesabu ya zamani akapata jibu asilolitarajia.

"Hakuna bwana yeyote," alimwambia daktari. "Nilikuwa namwuliza swali msichana wangu. Amejibu."

Daktari hakuelewa, akatikisa kichwa kwa upole. Alimwambia Larisa wazi kwamba mama anahitaji mahali pa uangalizi, penye watu wa kazi hiyo. Larisa akasema mahali wameshapata, nje kidogo ya Moscow, penye miti. Walikuwa wakingoja tu neno la daktari. Hapo ndipo Cherotich alipofahamu zile chai zilikuwa za nini.

Wakarudi garini. Mutai alitazama kwenye kioo mara moja, akaona nyuso, akazima redio.

Tangu siku hiyo Bibi alikataa chakula cha mkono wa Cherotich. Alikula mayai ya kuchemsha aliyoyamenya mwenyewe na ndizi zenye maganda. Hakugombana. Alisema "asante" na "hapana" kama mgeni hotelini. Cherotich alivumilia siku nzima, na nyingine, na Ijumaa, siku ya mapumziko na ibada huko, akaenda kanisani kule Mesaimeer, akaimba bila kusikia anachoimba. Jennifer, muuguzi wa Nakuru waliyezoea kukaa naye benchi moja, alimwuliza ana nini. Cherotich alifungua mdomo, kisha akajiuliza Jennifer huwa anaongea na nani zaidi, akasema kichwa kinauma.

Alirudi, akaenda chumbani kwa Bibi bila kuvua viatu vya kutokea.

"Bibi, twende jikoni," alisema.

Safari hii yeye ndiye aliyefungua bomba.

"Ni mimi," alisema. "Madam alikuwa ananiuliza na mimi namjibu. Kila siku. Aliniambia ni kwa ajili ya afya yako, nikaamini. Hospitali ndivyo tunavyofanya. Sikujua wanataka kukupeleka mahali. Sisemi ili unisamehe."

Bibi alikuwa ameegemea friji. "Ulipata nini?"

"Sikupata kitu."

"Kitu hupatikana."

Cherotich alifikiri. "Chai," akasema. "Alinimiminia chai mwenyewe. Hakuna bosi aliyewahi kukaa nami akanisikiliza."

Yule mzee alifumba macho. Aliponena, Kiswahili chake cha redio kilikuwa kimepungua mwendo.

"Nilikuwa na hakika ni dereva. Mutai nilimwambia jambo lake, kwamba dawa zangu za presha nazimwaga kwenye sinki. Wewe nikakupa mtu wa koti, kwa ajili ya kutenda haki tu, nikijua hutasema. Miaka sabini na mitano nimemlaani Grisha. Alikuwa na watoto watatu. Wakati wa vita niliambiwa ameuawa, nikasema vyema. Na Nyura, mama alimkalisha meza moja nasi, akala na sisi, akasikilizwa. Kumbe ilitosha mtu amwulize tu, aseme. Labda naye walimwambia ni kwa afya ya kamanda. Anafanya kazi mno, halali usingizi, tuambie anasema nini, tumsaidie. Labda hakujua. Alipokuja na zile soksi, mimi sikutoka."

"Au hakuwa yeye," Cherotich alisema. "Labda alikuwa mtu mwingine kabisa."

"Labda. Sasa nina wawili wa kushuku badala ya mmoja. Umenipa kazi uzeeni."

Haikuwa msamaha, na Cherotich hakuupokea kama msamaha. Lakini kulikuwa na jambo alilolisikia katikati ya yale maneno.

"Dawa ulizomwambia Mutai. Ni kweli unazimwaga?"

"Hilo lilikuwa neno la mtego."

"Bibi. Unazimwaga?"

Mzee alitazama sinki. Cherotich akapata jibu lake. Akasimama hapo na maji yakimwagika, akiwaza la kufanya. Akimwambia Larisa, Bibi hatamtazama tena usoni, na Larisa atapata ushahidi mwingine wa kupeleka kwa daktari. Akinyamaza, na mishipa ikapasuka, atakuwa amemwua kwa heshima. Mwishowe alifunga bomba, akaleta kidonge na glasi, akavuta kiti.

"Simwambii mtu. Lakini utameza nikikuona, na ulimi utanitolea."

"Wewe ni polisi sasa?"

"Ni msaidizi wa wauguzi."

Bibi alimeza, akatoa ulimi mrefu kama mtoto mtukutu. Wakafanya hivyo kila asubuhi iliyobaki. Chakula alirudi kukila, lakini kwanza alimwambia Cherotich aonje.

Alasiri Larisa alipoandaa chai, Cherotich hakukaa. Alimwambia akiwa amesimama kwamba yule mtu wa koti alikuwa jaribio, mama alilibuni kwa akili zake timamu ili kujua nani anamsema, na kwamba kuanzia leo yeye hana habari za kuleta. Larisa alimtazama kwa uchovu mkubwa. Hakuwa mwanamke mbaya. Usingizi wake ulikuwa umekatwa miaka miwili na hatua za viatu vya kamba.

"Mtu mzima anayemtegea mtego mfanyakazi wake jikoni," alisema, "wewe unamwita mzima?"

Swali hilo lilimsumbua Cherotich baadaye kuliko mengine yote.

Jioni Arkadi alikaa na mama yake mlango ukiwa umefungwa. Sauti hazikupanda. Alitoka macho yakiwa mekundu, akaenda kusimama barazani. Safari ilipangwa mwezi wa Machi. Larisa naye, kuanzia siku ile ya chai, aliacha kuzungumza kwenye simu Cherotich akiwa karibu, na mara moja Cherotich alikuta sanduku lake limefunguliwa na nguo zimekunjwa kwa mkunjo usio wake. Hakuuliza. Alilitia kufuli.

Siku ya kuondoka Mutai aliendesha polepole, kwa ombi la Bibi, wakazunguka njia ya Corniche, kando ya bahari. Bibi alikaa mbele, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Karibu na uwanja wa ndege alimgeukia.

"Bwana Mutai, nilikukosea," alisema. "Nilikuambia kitu ukakihifadhi."

"Kitu gani, Bibi?"

"La dawa."

Mutai alikuna shingo. "Hiyo? Nilisahau siku hiyohiyo. Kulikuwa na jam."

Bibi alicheka mpaka akakohoa, na hiyo ndiyo mara pekee Cherotich alimsikia akicheka kwa sauti. Mlangoni pa abiria, Arkadi akiwa ameshika hati zao, Bibi alimshika Cherotich kidevu.

"Huko wako wauguzi wengi," alisema. "Usikae ukifikiri kuhusu mimi. Fikiria nani anakaa karibu yako." Akambusu paji la uso, akaingia ndani bila kugeuka, kamba za viatu zimefungwa mara mbili.

Arkadi alimwandikia Cherotich barua ya kumruhusu kubadilisha mwajiri, kama sheria ya huko ilivyotaka, bila kusubiri kuombwa. Alipata kazi Al Wakrah, kumtunza mama wa Kiqatari aliyepooza upande mmoja, nyumba yenye mabinti watatu. Binti mkubwa alimpokea vizuri, akamkalisha, akamletea gahawa, akasema angependa kusikia kila jioni mama ameshindaje. Cherotich alisema sawa, lakini wasemee palepale mbele ya mama. Yule binti alishangaa, akakubali. Mama mwenyewe, aliyekuwa hawezi kutamka vizuri, alimtazama Cherotich kwa jicho lake moja zima, wala haikujulikana alifurahi au alianza kumshuku.

Alidumu hapo miaka mitatu. Watu wa kanisani walisema amebadilika, anauliza sana, hasemi sana. Jennifer alilalamika kwamba ukimsalimia Cherotich unajibu maswali kama umefika uhamiaji.

Mwaka 2015, Ijumaa moja baada ya ibada, Mutai alimfuata kwenye maegesho. Bado alikuwa akimwendesha Arkadi. Alivua kofia.

"Siste, yule mathee wetu ametuacha," alisema. "Usingizini. Bosi amesema hakuteseka."

Cherotich alishika mlango wa basi la kanisa. Machozi yalimjia, akayaacha yateremke. Watu walikuwa wakiwapita na Biblia zao, wakitafuta kivuli.

"Bosi alikuambia lini?" akauliza.

"Juzi. Tukienda Ras Laffan."

"Alikuambia mwenyewe, au ulisikia akimwambia mtu kwa simu?"

"Mwenyewe."

"Alipokuwa anasema hakuteseka, alikuwa anakutazama?"

Mutai alifikiri. "Alikuwa anatazama nje," alisema. "Dirishani. Kwa nini?"

Dereva wa basi alipiga honi. Cherotich alipanda, akakaa kiti cha nyuma kabisa, mgongo ukiwa ukutani, akafungua dirisha ili Mutai aliyebaki chini amsikie.

"Nitafutie namba ya bosi wako," alisema. "Nitamwuliza mimi."